Mchuaji wa Kisugu anayemngoja mteja aliyemkimbia

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeegemea kilima cha Muyenga, na Celestine Namalwa anatandika kitanda ambacho hakuna mtu aliyekilalia.

Anakitandika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Kwanza blanketi jembamba, juu yake shuka ya kijani, kisha taulo lililokunjwa pale magoti yatakapoegemea. Anapitisha kiganja juu ya kitambaa, kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu, akitafuta mkunjo. Akiupata anaulaza. Halafu anapitisha tena, ingawa hakuna mkunjo uliobaki.

Nje, uani, wanawake wanafua. Maji yanamwagwa, beseni zinagongana, mtu anacheka. Mlango wa Celestine unapofunguka, kicheko kinakatika.

Hivyo ndivyo ilivyo hapa Kisugu, mtaa wa Kampala, tangu mteja mmoja atoke mbio ndani ya chumba hiki mchana kweupe, akiwa amejifunga shuka, bila viatu, akakatiza katikati ya nguo zilizoanikwa.

Mteja huyo anaitwa Santa Adong. Leo ameahidi kurudi. Asiporudi, Celestine itambidi afungashe kitanda chake na chupa zake za mafuta, kwa sababu mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi, na mwezi unaishia.

"Sijui kama atakuja," anasema Celestine, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye karibu na anayelala. "Lakini kitanda lazima kiwe tayari. Mtu akifika akakukuta ndiyo kwanza unatandika, anaona amekusumbua. Na mwili unaohisi umesumbua haulegei."

Celestine ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Bungoma, upande wa Kenya, na alikuja Kampala akiwa msichana, kumfuata shangazi yake aliyekuwa akiuza shuka za mitumba soko la Owino. Kwa miaka kadhaa kazi ya Celestine ilikuwa kukunja na kukunjua. Anasema mpaka leo anaweza kufumba macho, akashika shuka, akakwambia imefuliwa sana au kidogo.

Kuchua hakujifunza Owino. Kulianzia nyumbani, mama yake alipopigwa na kiharusi. Celestine alirudi Bungoma kumuuguza, na kila jioni, jua likiwa limelala juu ya migomba, alimkanda mama miguu kwa mafuta ya kupikia, kwa kuwa hayakuwepo mengine.

"Mama alikuwa hasemi tena," anakumbuka. "Nilijua nimefika penye maumivu kwa namna alivyobadilisha pumzi. Pumzi ilikuwa inasimama kidogo, halafu inashuka. Tulikuwa tunaongea hivyo. Siku nyingine naona tuliongea zaidi wakati ule kuliko miaka yote alipokuwa na sauti."

Mama alifariki msimu wa mvua. Celestine anasema baada ya mazishi mikono yake ilikuwa inaamka yenyewe jioni. Anakaa na watu, anasikia vidole vinatafuta kitu cha kushika. Aliporudi Kampala hakuweza tena kukunja shuka. Alimtafuta mwanamke mmoja Mkenya, mtaalamu wa viungo, aliyekuwa akifundisha kazi hii Kabalagala, akajifunza kwake mwaka mzima: misuli inaanzia wapi na inaishia wapi, mahali pa kukandamiza na mahali pasipoguswa kabisa.

Alifanya kazi kwenye hoteli, akichua wageni waliolala na simu mkononi. Kisha akapanga chumba hiki cha Kisugu, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaandika mlangoni: KUCHUA MWILI KWA AFYA.

Saa moja ya kuchuliwa hapa ni shilingi elfu ishirini. Kodi ya chumba ni laki moja na nusu kwa mwezi. Wiki nzuri ilikuwa ile ambayo wapagazi wa Owino walipata fedha na shingo zao zikakataa kugeuka. Walikuja kwa zamu, wakinuka jasho na kahawa, wakalala kabla hajamaliza bega la kwanza. Walikuja pia walinzi waliosimama usiku kucha, mafundi cherehani, na mwalimu mmoja ambaye mkono wake wa ubaoni ulikuwa hauinuki.

Sasa hawaji.

Kazi hii ina jina baya mjini, na Celestine hafichi. Watu wakiliona neno masaji ukutani wanakonyezana. Mwanamume mmoja aliwahi kulala kitandani, akakohoa, akauliza kama kuna huduma ya ziada.

"Nikamwambia ipo," anasema Celestine. "Nikamletea glasi ya maji."

Kwa sababu hiyo ameweka utaratibu wake. Mteja mpya kwanza anakaa kwenye kiti, na nguo zake zote mwilini, na wanaongea. Ana presha? Aliwahi kupasuliwa? Ana mimba? Wapi panauma, na panauma vipi, kama sindano au kama mzigo? Kisha Celestine anatoka nje. Mteja anavua anachotaka kuvua na kubaki na anachotaka kubaki nacho, anapanda kitandani, anajitupia taulo, anaita, na Celestine anarudi kumfunika shuka.

Katika kazi yenyewe, sehemu inayochuliwa tu ndiyo inayofunuliwa. Mgongo ukiwa nje, miguu imefunikwa. Akihamia mguu, mgongo unafunikwa. Mkono unaanza mwepesi, mafuta yakiwa yamepashwa moto viganjani, na unaongezeka uzito kidogo kidogo. Mteja anaulizwa: nguvu inatosha? Akisema imezidi, inapungua. Akitaka kuongea, anaongea. Akitaka kunyamaza, chumba kinanyamaza pamoja naye.

"Wengi wanalala," anasema. "Wachache wanalia. Hawajui wanalia nini, na mimi siulizi. Mtu akilia nafanya kama mvua imenyesha tu, naendelea."

Na yanayosikika kitandani yanabaki kitandani. Hilo alifundishwa Kabalagala siku ya kwanza, na ndilo lililomfikisha hapa alipo.

Mlango unagongwa. Ni Nnalongo, mwenye nyumba, mama wa mapacha aliyekwisha kuwa bibi, mshipi wa gomesi yake, gauni refu la Kiganda, umefungwa juu ya tumbo, goti la kulia likikokotwa. Anachungulia ndani, anakiona kitanda kilichotandikwa.

"Serestini. Huyo mtu wako amekuja?"

"Bado, Nnalongo."

"Mm." Nnalongo anapumua. "Mimi nangoja na wewe, nnyabo. Lakini mwezi yeye hapana ngoja."

"Najua, mama."

"Watu wa kanisa wananiuliza. Wanasema Nnalongo, siku hizi unapangisha loji? Mimi nasema nini? Mimi niliona kwa macho yangu, mtu mzima, mama wa watu, anakimbia na shuka. Mimi nikuulize ulimfanya nini, wewe unasema muulize yeye. Yeye namuuliza, anafunga mlango. Kale, haya, mimi nitajua namna gani?"

Celestine anainamisha kichwa. Nnalongo anaondoka, goti likikokotwa nyuma yake. Uani mmoja wa wafuaji anaita, "Mukenya! Leo unavua nani nguo?" na beseni zinacheka tena.

Siku ile, Celestine anasimulia, Santa alikuja mwenyewe. Ni mjane wa askari polisi, Mwacholi wa Kitgum, jirani wa nyumba ya pili. Hununua ufuta na karanga soko la Kalerwe, husaga kwa mkono nyumbani, huuza ule uji mzito wa ufuta ambao watu wa kaskazini hula na viazi vitamu. Mabega yake yalikuwa yamekaza kama kamba iliyolowa. Mkono haukuweza tena kusukuma jiwe la kusagia.

Celestine alimkaribisha kwa Kiswahili. Alijua wake za askari wamekaa kambini na Kiswahili wanakijua, naye Luganda yake ilikuwa ya sokoni tu. Akamwuliza maswali yote. Akatoka nje, akarudi. Santa alikuwa amelala kifudifudi kama alivyoelekezwa, uso ndani ya tundu la kitanda. Celestine akamfunika shuka nyeupe, safi, kutoka kisogoni hadi visiginoni, akaweka mkono mwepesi mgongoni.

"Nikamwambia, tulia mama, usiogope, usiinuke," anasema. "Kwa ile sauti niliyomwambia mama yangu. Nilidhani nambembeleza."

Santa aliinuka kama mtu aliyeungua. Hakupiga kelele. Celestine anasema hicho ndicho kilichomtisha, kwamba mtu alikimbia bila sauti yoyote, na mlango ukabaki ukijipigapiga.

Gauni lake la kitenge, kilemba chake na viatu vyake vya plastiki vilibaki juu ya kiti. Celestine alivikunja, akavitia kwenye kaveera, mfuko wa nailoni, na jioni ile ile akavipeleka. Wanawake wa uani walimwona akipita na mfuko. Hilo nalo likaongezwa kwenye maneno.

"Weka hapo," Santa alisema kutoka ndani.

Aliweka. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya Santa, mgongo kwa mlango, akitazama kuku wakipanda mti wa jirani. Hakujua angesema nini. Mvua ikaanza, kwanza kama mchanga juu ya mabati, kisha nzito, na mlango ukafunguka kidogo.

"Ingia. Utalowa hapo, halafu watasema mimi nimekufanya nini."

Ndani kulikuwa na harufu ya ufuta uliokaangwa. Ukutani ilitundikwa picha ya marehemu mume wake, Okwera, amevaa sare, mdomo umebanwa kama anayezuia kicheko. Kiti kimoja cha mbao kilikuwa na mto na blanketi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakikuwa na dalili ya kulaliwa.

Walikaa muda mrefu wakisikiliza mvua. Kisha Santa akasema:

"Ulinifunika."

"Ndiyo, mama."

"Ulinifunika, halafu ukasema usiinuke."

Na hapo akamweleza jambo ambalo Santa mwenyewe aliruhusu baadaye lisimuliwe hapa, na ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote Kampala, hata Okwera, ambaye alilijua bila kuambiwa.

Ulikuwa mwaka ule vita vilipofika Kampala na serikali ikabadilika. Santa alikuwa ameolewa juzi juzi, ana mtoto wa kunyonya. Wake za askari wa kaskazini walipakiwa kwenye lori kurudi kwao. Pamoja naye alikuwa mdogo wake, Aol, aliyekuja mjini kumsaidia kulea. Aol alikuwa anapenda kuimba akiwa anafua, na alikuwa hajui kunong'ona. Hata siri alizisema kwa sauti.

Barabarani lori likasimamishwa na watu wenye bunduki. Santa hasemi walikuwa wa upande gani. Anasema wakati ule kila upande ulikuwa na bunduki na kila bunduki ilikuwa inasema Kiswahili. Wakaambiwa washuke, walale kifudifudi kando ya lami, uso chini. Kisha wakafunikwa turubai la lori. Sauti ya mtu ikapita juu yao, taratibu, bila hasira: tulieni, msiogope, asiinuke mtu.

Santa alikuwa na mtoto chini ya kifua. Aol alikuwa ubavuni mwake. Walishikana kidole kidogo. Risasi zilisikika, lakini mbali, upande wa pili wa barabara, ndivyo Santa alivyofikiri. Chini ya turubai kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa, anasema, mzuri kabisa, kama ndani ya ua lililochanua. Aliutazama mwanga ule mpaka ukafifia.

"Tulilala wawili," alimwambia Celestine. "Niliinuka mmoja, mtoto kifuani."

Tangu hapo, hadi siku ile kwa Celestine, hakuwahi kulala kifudifudi, wala chali. Okwera alipokuwa hai alilala upande wa nje wa kitanda, na Santa alilala upande wa ukutani, paji la uso limegusa mgongo wa mume wake. Okwera alipofariki, mwaka jana, akahamia kwenye kiti. Analala amekaa. Majirani wanasikia jiwe likisaga saa ambazo watu wamelala, wanadhani ni bidii.

"Nilifikiri ni jiwe linaloniumiza bega," alisema. "Kumbe ni kiti."

Celestine alirudi chumbani kwake akiwa amelowa. Anasema usiku huo aliisikia sauti yake mwenyewe, ile ya kubembeleza. Kwao Bungoma Kiswahili ni lugha ya redio, ya soko, ya wachumba wanaotaniana. Hakuwahi kufikiri kwamba hapa, kwa watu wa umri wa Santa, kiliwahi kuja kimeshika bunduki, na kwamba mtu anaweza kuyasikia maneno ya upole kabisa na mwili ukakumbuka kitu kingine.

Angeweza kwenda kwa Nnalongo asubuhi iliyofuata na kumweleza kila kitu. Chumba kingebaki chake. Hakwenda.

"Haikuwa habari yangu," anasema. "Mtu anakupa mgongo wake, anakupa na hicho. Ukikichukua ukanunulia kodi, umekuwa mwizi."

Alichofanya ni kurudi kwa Santa siku nyingine na kumwambia jambo moja tu. "Mama, sikuombi useme kitu kwa mtu. Lakini bega lako bado linauma. Ukitaka kurudi tutaanza upya, na wewe ndiye utasema mwili ukaeje."

"Nitafikiri," Santa alijibu. Jana akatuma neno: kesho, ukungu ukipanda.

Ukungu umepanda. Muyenga inaonekana sasa, na mabati yake yanametameta. Celestine amekaa mlangoni, mikono mapajani, viganja vimeangalia juu kama vinangoja kumwagiwa maji. Jua linasogea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nguo zinakauka. Nnalongo amekaa kibarazani kwake akimenya matoke, na kila mara anatazama lango.

Kisha beseni zinanyamaza.

Santa Adong anaingia uani. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, gauni la kitenge limepigwa pasi, mkononi ameshika kopo dogo la bati. Hapiti haraka. Anawasalimia wafuaji mmoja mmoja, na mmoja wao anashindwa kujizuia.

"Mama, leo umekuja na viatu vya kukimbilia?"

Santa anautazama mguu wake. "Hivi vina kamba," anasema. "Nikitaka kukimbia mtaniona nazifunga kwanza."

Wanacheka, safari hii kicheko hakina ncha. Santa anafika mlangoni kwa Celestine, anamkabidhi kopo. Ndani mna mafuta ya mti wa yaa, ya kwao kaskazini, mazito, ya rangi ya siagi, harufu yake ya moshi na karanga.

"Mama yangu alitupaka hii," anasema. "Mimi na Aol. Kama utanishika, nishike na hii."

Celestine analipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiacholi kwa jirani, na sasa anayajaribu, akikaribisha, akishukuru. Santa anaweka mkono mdomoni.

"Wacha, wacha. Unaua lugha ya watu. Sema Kiswahili chako, mimi nakijua. Lakini uliza. Usiamuru."

Na hivyo ndivyo kazi inavyofanyika leo. Pazia la mlango limefungwa kando, ili Santa aone ua na ua umwone. Anakaa kwenye kiti kilichogeuzwa, kifua kimeegemea mto, gauni limeshushwa mabegani, kitenge anajizungushia mwenyewe.

"Naweza kuweka mkono hapa?"

"Weka."

"Naweza kukandamiza kidogo?"

"Kidogo."

"Hapa je?"

Santa anajibu kwa pumzi. Pumzi yake inasimama, halafu inashuka. Celestine anangoja. Viganja vyake vinateleza kutoka shingoni hadi kwenye ncha ya bega, vinarudi, vinateleza tena, na mafuta yanaanza kulainika na kutoa harufu yake. Chini ya ngozi misuli iko kama ufuta uliobanwa kwenye jiwe. Haikazii mikono, wala haiikubali. Inasikiliza.

"Aol alikuwa anaimba akifua," Santa anasema baadaye, kwa wanawake wa nje au kwa mtu asiyeonekana. "Sauti mbaya kabisa."

"Nani huyo, mama?" anauliza mfuaji mmoja.

"Mdogo wangu."

Mmoja anaendelea kusuuza, lakini polepole.

Muda unapita. Celestine anauliza kama Santa angependa kujaribu kitanda. Santa anakitazama. Anaigusa shuka ya kijani, anaikunja upande, anapanda juu ya blanketi bila kujifunika, kwa ubavu, uso kuelekea mlangoni. Celestine anauliza kama anaweza kusimama nyuma yake. Anajibiwa asogee, akae pale, aegemeze mkono mgongoni na auache tu hapo.

Anauacha hapo. Mwanga wa saa nne umeingia mpaka katikati ya chumba na vumbi linaelea ndani yake kama kitu kilichosahau kuanguka. Mahali fulani redio inacheza, mbali. Celestine anahisi mbavu zikipanda na kushuka chini ya kiganja, kwanza kwa hatua fupi, kisha ndefu, kisha ndefu zaidi, mpaka hakuna tena anayezipandisha. Zinapanda zenyewe.

Mdomo wa Santa umefunguka kidogo. Vidole vyake, vilivyokuwa vimeshika ukingo wa kitanda, vimekunjuka kimoja kimoja.

Kivuli kinaziba mlango. Ni Nnalongo, kisu cha matoke bado mkononi.

"Amelala?" ananong'ona.

"Amelala."

"Huyu? Huyu ambaye mimi nasikia jiwe lake usiku kucha?"

Celestine anaitikia kwa kichwa. Nnalongo anasimama akimtazama Santa kwa muda, kisha anageukia uani. Kuku anapiga kelele, beseni inaanguka, na sauti ya mwenye nyumba inapita juu ya vyote kwa mnong'ono mkali:

"Shsh! Nyinyi! Banange, mtu analala!"

Anamfukuza kuku kwa kanga ya mtu. Anakaa kwenye kizingiti, goti lake bovu amelinyoosha mbele, na hapo anakaa kama mlinzi. Wanawake wanakamua nguo zao bila kuzipiga. Mteja mwingine hayupo, lakini hata angekuwepo, asingepita.

Santa anaamka jua likiwa juu ya mabati. Kwanza hajui yuko wapi. Anamwona Nnalongo mlangoni. Kisha Santa anakaa, anajifunga kitenge vizuri, na anasema, kwa Kiswahili cha kambini, kila neno likiwekwa mahali pake:

"Nnalongo. Siku ile huyu hakunifanya kitu. Mimi nilikimbia watu wa zamani. Walitulaza chini barabarani, wakatufunika. Mdogo wangu Aol akabaki. Huyu alinifunika shuka, mimi nikaona ni wale. Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa naona haya kusema."

Nnalongo anakigeuza kisu mkononi. Kwao ni Luweero, na wote uani wanajua raia walivyouawa Luweero miaka ile ya vita, na kwamba askari wa serikali waliokuwa kule walizungumza Kiswahili, na wengi wao walitoka kaskazini, kwao Santa.

"Na sisi tulilala hivyo," anasema hatimaye. "Uso chini. Mume wangu alilala karibu na mimi."

Santa anamtazama. Celestine anasema alidhani chumba kingevunjika. Lakini Santa anashuka kitandani, anakaa sakafuni, karibu na kizingiti, si karibu sana, na wanawake hao wawili wanatazama nguo zinavyopepea.

"Aliitwa nani?" anauliza Santa.

Nnalongo anataja jina, taratibu, kwa heshima zote za Kiganda. Santa analirudia. Analikosea. Nnalongo anamsahihisha, naye analirudia tena, vizuri.

Ni baada ya maji ya kunywa, na baada ya Santa kuinua mkono wake mpaka usawa wa sikio na kuutazama kama wa mtu mwingine, ndipo Nnalongo anapomgeukia mpangaji wake.

"Serestini, wewe ulijua yote haya?"

"Nilijua, mama."

"Na ulikuwa unataka kutoka kwa nyumba yangu umenyamaza?"

"Haikuwa yangu kusema."

"Mm." Nnalongo anainuka, akishika ukuta. "Kaa. Nani amekwambia utoke? Na hii goti yangu, unaweza kuuliza yeye kitu gani kinamsumbua?"

Celestine anamwahidi kesho asubuhi, akiwa amekaa, mlango wazi. Tayari ana fundi seremala aliyezungumza naye, wa kumtengenezea kiti cha kuegemea kifua, kwa wote wasiotaka au wasioweza kulala. Kuanzia sasa, anasema, kila mteja ataanza kuchuliwa akiwa kwenye kiti, na hatamfunika mtu tena. Mtu atajifunika mwenyewe. Anataka pia ajifunze maswali yake yote kwa Luganda na kwa Kiacholi, hata kama ataziua lugha hizo kidogo.

Lakini anachokitamani zaidi ni stoo ya makaa iliyo pembeni ya chumba chake. Anaionyesha kwa kidevu. Ina dirisha dogo linalotazama migomba.

"Ningeipaka rangi," anasema. "Nikaweka mikeka na vitanda viwili vitatu. Mtu akishachuliwa apite huko. Asiamshwe, asiambiwe saa yake imekwisha. Chumba cha kulala tu."

Nnalongo anaitazama stoo yake kama hajawahi kuiona.

"Kulala tu?" anauliza. "Nani katika Kampala hii atalipa fedha yake kwa kulala?"

"Mimi," anasema Santa. "Niandikeni wa kwanza."